Kutaja spishi mpya ya mbawakawa wa Afrika Mashariki: tathmini ya Titan, Biodiversity Heritage Library na ZooBank

Mbawakawa wa pembe ndefu, yaani wale wa familia ya Cerambycidae, wana spishi zaidi ya 35,000 zilizokwisha kupewa majina, na zaidi ya nusu ya hizo zimo katika nusufamilia moja tu ya Lamiinae. Kwa hiyo mtu aliyempata msituni mdudu asiyemtambua hapaswi kuanza kwa kuuliza kama ni mpya. Anapaswa kuuliza ni nani, tangu Linnaeus, mwanzilishi wa mfumo wa majina ya kisayansi ya wanyama, alipochapisha majina yake mwaka 1758, aliyekwisha kumwandika mdudu huyo, kwa lugha gani, na kielelezo alichokitumia kimehifadhiwa katika makumbusho gani. Uchunguzi huo ndio unaochukua muda mwingi wa kazi. Kuandika maelezo yenyewe ni sehemu yake fupi. Tathmini hii inahusu huduma tatu za intaneti zisizotoza ada ambazo humsaidia mtu kuifanya kazi hiyo akiwa Muheza, Nairobi au Bukavu, mbali na makabati ya Berlin, London, Paris, Stockholm na Tervuren ambamo vielelezo vingi vya kwanza vya wadudu wetu vimewekwa. Nimezitumia zote tatu kwa ajili ya mdudu mmoja, na naziandikia kwa kuzingatia mahitaji ya mtafiti asiye na maktaba kubwa jirani yake.

Mdudu mwenyewe ni Lamiinae wa kiume mwenye urefu wa milimita 11, aliyetoka katika tawi kavu lililookotwa Usambara Mashariki na kuwekwa ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa chandarua mpaka mabuu yaliyokuwa yakila mbao yake yakakomaa na kutoka. Jenasi yake siitaji hapa, kwa sababu jina ambalo halijachapishwa rasmi halifai kuzagaa kabla ya wakati wake. Kwamba ni Lamiinae hapakuwa na shaka: uso umesimama wima na mdomo unaelekea chini, pingili ya mwisho ya vigusio vya mdomoni imechongoka, na upande wa ndani wa muundi wa mguu wa mbele una mfereji mdogo wenye vinyweleo ambao mdudu hupitishia vipapasio vyake ili kuvisafisha. Jamaa zao wa Cerambycinae wana uso ulioinama kwenda mbele na pingili ile kwao ni butu, ilhali Prioninae wana ukingo mkali ubavuni mwa kidari cha mbele, mara nyingi wenye meno.

Baada ya hapo lenzi ya mkononi haitoshi na hadubini inahitajika. Karibu na ncha ya pingili ya kwanza ya kipapasio kuna kovu, yaani eneo dogo lenye mikwaruzo, ambalo katika baadhi ya makundi limezungukwa na ukingo kamili, katika mengine ukingo huo umekatika, na katika mengine kovu halipo kabisa. Tofauti hiyo, pamoja na namna kucha za miguu zinavyotanuka, hutumiwa kuyatenganisha makundi ya jenasi ndani ya Lamiinae, na mtu asiyeiona vizuri atatafuta jina la mdudu wake katika kundi lisilo lake. Kwa kielelezo changu ukingo ni kamili. Mabawa ya juu yamefunikwa na vinyweleo vya rangi ya majivu vilivyolala kuelekea nyuma. Vinapopungua yanabaki madoa meusi yasiyo na mpaka dhahiri, na ndani ya kila doa vinaonekana vitundu vidogo ambavyo kwingineko vinyweleo huvificha. Viungo vya uzazi vilitolewa baada ya mdudu kulainishwa kwa maji ya moto, vikasafishwa kwa hidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10, na sasa vimo ndani ya kichupa chenye gliserini kilichochomwa kwenye pini ileile inayombeba mdudu. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hakuna hata moja kati ya huduma ninazozitathmini inayoweza kuyafanya kwa niaba ya mtu. Zote humtaka anayezitumia awe amekwisha kumtazama mdudu wake kwa makini.

Niliyoanza nayo ni Titan, hifadhidata ya Cerambycidae wa dunia nzima iliyokusanywa nchini Ufaransa na Gérard Tavakilian kwa miaka mingi, huku programu yake ikitengenezwa na Hervé Chevillotte. Mtu huandika jina la jenasi au la spishi, naye hupewa jina linalotumika sasa, jina la awali, mwandishi, mwaka, chapisho na ukurasa, pamoja na majina ya ziada ambayo spishi hiyohiyo imewahi kupewa. Katika rekodi nyingi hupewa pia mahali kielelezo cha kwanza kilipopatikana na makumbusho yanayokihifadhi. Ukurasa wenyewe ni wa maandishi zaidi kuliko picha na hauna mapambo, jambo ambalo kwa mwenye kifurushi kidogo cha data ni heri.

Faida yake huonekana vizuri kwa mdudu anayejulikana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Mbinga wanamfahamu bungua mweupe wa kahawa, ambaye mabuu yake hutoboa shina la mbuni karibu na ardhi mpaka mti unanyauka. Maandishi ya zamani ya kilimo yanamwita Anthores leuconotus na ya karibuni yanamwita Monochamus leuconotus, hivyo afisa ugani anayesoma vyote viwili anaweza kudhani kwamba ana wadudu wawili wa kupambana nao. Ukitafuta leuconotus unaona kwamba ni mdudu mmoja, aliyeelezwa na Pascoe mwaka 1869, na kwamba jina la Pascoe huwekwa ndani ya mabano katika mchanganyiko wa sasa kwa kuwa spishi imehamishwa kutoka jenasi aliyoiweka yeye. Habari ndogo kama hiyo humwokoa mtu na upotevu wa muda mwingi, na kwa mdudu anayedhaniwa kuwa mpya humwokoa na kosa kubwa zaidi la kumpa jina la pili mdudu aliyekwisha kuwa na jina.

Hata hivyo ni lazima ieleweke kwamba Titan ni daftari la majina, si ufunguo wa utambuzi. Haitamwambia mtu kovu la kipapasio likoje wala madoa yamepangwaje. Kazi yake ni kumpa orodha ya wote wanaopaswa kulinganishwa na mdudu wake, na kumwonyesha ukurasa wa kusoma kwa kila mmoja. Kwa kazi hiyo sijaona inayoizidi, na ningemshauri kila anayeanza afungue Titan kabla ya kitu kingine chochote, aandike orodha ya spishi zote za jenasi husika kwa mkono au kwenye jedwali, aweke safu ya mwandishi, safu ya ukurasa na safu ya makumbusho, na asiifute hata spishi moja mpaka awe amesoma maelezo yake ya awali.

Kuyasoma maelezo hayo ya awali ndiyo kazi ya Biodiversity Heritage Library (kwa kifupi BHL), maktaba ya intaneti ya vitabu na majarida ya viumbe, na katika huduma tatu hizi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 2006 na maktaba za makumbusho na bustani za mimea za Marekani na Uingereza, baadaye zikajiunga nyingine kutoka sehemu nyingi za dunia, na sasa ina zaidi ya kurasa milioni 60 zilizopigwa picha. Mtu hahitaji akaunti, wala barua ya utambulisho kutoka chuo, wala kadi ya benki. Zamani msomaji wa Afrika Mashariki aliyehitaji kurasa nne za jarida la Berlin la karne ya kumi na tisa aliandika barua akaomba nakala, akasubiri ihisani ya mtu asiyemfahamu. Leo kurasa hizo anazisoma usiku uleule alioona zimetajwa katika Titan.

Mfano ulio karibu nasi ni kazi ya Gerstaecker ya mwaka 1873 juu ya wadudu na jamaa zao waliopatikana katika safari za Baron Carl Claus von der Decken, yule aliyefika Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862 na kuuawa Bardera, kando ya mto Juba, mwaka 1865. Ndani yake mna wadudu wa Mombasa na wa Unguja pamoja na wa bara. Kila spishi mpya ina muhtasari wa Kilatini, kisha maelezo marefu zaidi ya Kijerumani, na mwishoni mna michoro ya rangi. Kazi ya Kolbe ya mwaka 1897 juu ya mbawakawa wa eneo lililoitwa Deutsch-Ostafrika ni hazina nyingine ya namna hiyo. Kilatini cha muhtasari wa aina hii hakipaswi kumtisha mtu. Msamiati wake ni mdogo na hujirudia: maneno ya rangi, ya umbo, ya vinyweleo na ya vitundu, na anayejifunza maneno yasiyozidi mia mbili husoma maelezo ya mbawakawa bila msaada. Kijerumani ni kigumu zaidi, lakini programu za kutafsiri za siku hizi hutoa maana ya kutosha pale maandishi yaliyosomwa na kompyuta yanapokuwa safi.

Nataka kusisitiza jambo moja ambalo wasomaji wa Ulaya hulikosa na sisi tunalo. Maelezo hayo ya zamani yamejaa majina ya mahali. Leopold Conradt alikusanya wadudu Derema mwaka 1891, na jina hilo limeandikwa kwenye lebo za vielelezo vingi vya Usambara. Mtu wa mbali hulitafuta kwenye ramani akahangaika, ilhali mwenyeji anajua kwamba Derema ni jirani ya Amani, anajua ni msitu wa mwinuko gani, na anajua ni sehemu ipi iliyogeuzwa mashamba. Hivyo hivyo Amani yenyewe, ambako Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa kibiolojia na kilimo mwaka 1902, imeandikwa kwenye lebo nyingi. Spishi iliyoelezwa kutoka Derema inapaswa kulinganishwa kwa uangalifu mkubwa na mdudu yeyote wa Usambara Mashariki. Spishi iliyoelezwa kutoka pwani kavu huenda ikawa haihusiani naye kabisa. Mwenyeji anapoisoma BHL huleta maarifa ambayo hayamo ndani ya kitabu, na naamini kwamba hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutaka wadudu hawa waandikwe na watu wanaoishi karibu nao. Bahati mbaya lebo nyingine husema tu Afrika Mashariki ya Kijerumani, eneo lililojumuisha Tanzania Bara, Rwanda na Burundi za leo, na hapo ujuzi wa mwenyeji haufiki popote.

Kuhusu matumizi yake ya kila siku, BHL ina chombo kinachosoma kurasa zote na kuokota majina ya kisayansi, ili mtu akiandika jina la spishi apewe kila ukurasa linapotokea. Ni chombo cha ajabu, ila kisiachiwe kazi peke yake. Chapa za zamani zina herufi zilizoungana, karatasi zenye madoa, na majina ya jenasi yaliyofupishwa kwa herufi moja baada ya kutajwa mara ya kwanza, na katika hali hizo kompyuta hulipita jina bila kuliona. Njia ya uhakika ni kuchukua ukurasa uliotajwa na Titan, kuufungua, kisha kusoma kurasa kadhaa kabla yake na baada yake, kwa kuwa mwandishi wa wakati ule mara nyingi aliweka tofauti muhimu katika maelezo ya spishi jirani, si katika spishi yenyewe. Upakuaji nao unahitaji akili kidogo. Kitabu kizima kinaweza kuwa faili kubwa linalomaliza kifurushi cha mtu, lakini kuna njia ya kuchagua kurasa anazozitaka tu na kuzipata kama faili dogo. Achague ukurasa wa maelezo, ukurasa wa michoro, na asisahau ukurasa wa jina la kitabu wenye mwaka, kwa sababu mwaka ndio unaoamua jina lipi lina haki ya kwanza.

Upungufu wake mkubwa hautokani na uzembe wa yeyote, unatokana na sheria za hakimiliki. Vitabu vya karne ya kumi na tisa na vya mwanzo wa karne ya ishirini vimo kwa wingi. Kuanzia hapo kwenda mbele kuna mapengo mengi, isipokuwa pale wachapishaji walipotoa ruhusa. Kwa mbawakawa wa Afrika pengo hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya mtu mmoja, Stephan von Breuning, aliyezaliwa Vienna mwaka 1894 na kufariki mwaka 1983, ambaye katika maisha yake alitoa majina zaidi ya 7,000, karibu yote ya Lamiinae. Maelezo yake mengi ni mafupi, hayana mchoro, na yameenea katika majarida mengi ya katikati ya karne iliyopita. Yeyote anayeshughulika na Lamiinae wa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo atakutana naye karibu katika kila jenasi. Kwa mdudu wangu, spishi zilizobaki kwenye jedwali baada ya kuwasoma Wajerumani na Waingereza wa zamani zilikuwa karibu zote za Breuning, na maelezo yake, hata baada ya kupatikana kwa msaada wa wenzangu walioko Ulaya, hayakutosha kuamua. Kusema kwamba mwili ni mweusi na vinyweleo ni vya kijivu kunazihusu nusu ya spishi za jenasi. BHL, pamoja na ubora wake wote, humfikisha mtu kwenye mlango wa makumbusho, na hapo haina la zaidi la kumsaidia.

Wapo watakaosema kwamba vinasaba vimeondoa haja ya haya yote. Kipande cha jeni ya COI chenye urefu wa herufi 658 kinachotumiwa kutambulisha wanyama ni msaada mzuri, hasa kwa kuoanisha buu na mdudu mzima au dume na jike. Lakini vielelezo vya Breuning na vya Kolbe vilichomwa pini zamani, na vingi havijachukuliwa vinasaba, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha nacho. Mfuatano wa vinasaba unaotofautiana na yote yaliyomo kwenye hifadhidata huthibitisha tu kwamba mdudu huyo hajawahi kupimwa.

Ni kweli pia kwamba mara nyingine upya hujionyesha wenyewe. Huko Queensland, Australia, mwaka 2021 James Tweed aliyekuwa akipiga kambi katika hifadhi ya Lamington aliona juu ya jani kitu alichokidhania kinyesi cha ndege. Kumbe ni mbawakawa wa milimita 9.7 aliyefunikwa kwa vinyweleo virefu vyeupe. Mdudu huyo alitofautiana na wote wanaojulikana kiasi kwamba alihitaji jenasi yake mwenyewe, na mwaka 2024 akaelezwa kwa jina la Excastra albopilosa. Hata hivyo, hata yeye alilinganishwa kwanza na vielelezo vilivyohifadhiwa Canberra. Bahati ya watafiti wale ni kwamba makabati yalikuwa ndani ya nchi yao.

Huduma ya tatu, ZooBank, ni rejista rasmi ya Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, na ilianza kazi mwaka 2008, miaka 250 baada ya chapisho la Linnaeus. Huduma yenyewe ni rahisi: mtu hufungua akaunti bila malipo, huandikisha jina lake kama mwandishi, huandikisha chapisho linalotarajiwa, kisha huandikisha jina jipya chini ya chapisho hilo. Kila kimoja hupewa namba ndefu ya utambulisho ambayo haitolewi tena kwa kitu kingine. Kama makala itatoka katika jarida la kielektroniki tu, bila nakala ya karatasi, kuandikisha chapisho si hiari. Tangu mwaka 2012 machapisho ya namna hiyo yanakubalika, lakini kwa sharti kwamba chapisho liwe limeandikishwa ZooBank kabla ya kutoka, kwamba ushahidi wa kuandikishwa uonekane ndani ya makala yenyewe, na kwamba rejista itaje hazina ya kidijitali itakayohifadhi makala pamoja na namba ya utambulisho ya jarida (ISSN) au ya kitabu (ISBN). Sharti moja likikosekana jina halihesabiki, hata kama utafiti wenyewe ni bora.

Naisifu ZooBank kwa uwazi wake, kwani yeyote anaweza kutafuta jina na kuona limeandikishwa lini na nani. Ila kuna dhana potofu ninayoikuta hata kwa watu wenye shahada: kwamba jina lililoandikishwa ZooBank limethibitishwa. Sivyo hata kidogo. Rejista haimkagui mdudu, haisomi maelezo, haiangalii kama spishi ilikwisha kupewa jina, na kuandikishwa peke yake hakulifanyi jina kuwa halali. Kinacholifanya lihesabike ni kanuni za Tume zenyewe, ambazo toleo lake la nne limekuwa likitumika tangu tarehe 1 Januari 2000. Jina lazima litamkwe waziwazi kuwa ni jipya. Lazima liambatane na maneno yanayoeleza sifa zinazoitofautisha spishi hiyo na nyingine. Lazima iteuliwe holotaipu, yaani kielelezo kimoja kitakacholibeba jina milele, au vielelezo vitakavyolibeba kwa pamoja, na itajwe makumbusho vitakamohifadhiwa. Hata sarufi ya Kilatini ina sauti yake, kwani sifa inayotumiwa kama jina la spishi hufuata jinsia ya jina la jenasi, na jina la kumheshimu mwanamke huishia tofauti na la mwanamume. Majarida makubwa ya fani hii, kama ZooKeys na Zootaxa, huwasaidia waandishi katika suala la uandikishaji, hivyo anayepeleka makala huko atahitaji kuishughulikia ZooBank kidogo sana. Anayechapisha katika jarida dogo la nyumbani ndiye anayepaswa kuijua kwa undani, na aulize mapema kama mhariri anayajua masharti ya machapisho ya kielektroniki.

Hakuna hata moja kati ya huduma hizi inayouliza mdudu amepatikanaje. Kibali cha utafiti cha COSTECH kwa Tanzania au cha NACOSTI kwa Kenya, pamoja na ruhusa ya wenye msitu, ni mambo ambayo mtafiti anapaswa kuyakamilisha kabla ya kuokota tawi la kwanza, maana makumbusho yanayojiheshimu hayapokei kielelezo kisicho na karatasi zake. Na kwa kuwa kanuni zinamwachia mwandishi achague mahali pa kuweka holotaipu, ningependa tuitumie nafasi hiyo vizuri. Vielelezo vya kwanza vya Usambara vilivyopelekwa Berlin vilipelekwa kwa sababu za wakati ule. Holotaipu ya sasa ikiwekwa katika mkusanyiko wa taifa wenye makabati yasiyopitisha wadudu waharibifu na mtu anayeyasimamia, na parataipu kadhaa, yaani vielelezo vingine vya spishi hiyo vilivyotajwa pamoja na holotaipu, zikapelekwa nje, kizazi kijacho cha watafiti wetu hakitalazimika kuomba viza ili kuutazama mdudu wa kwao. Kuzigawa katika makumbusho zaidi ya moja ni kinga pia: makumbusho ya wanyama ya Hamburg yaliteketea kwa mabomu mwaka 1943, na sehemu kubwa ya vielelezo vyake vikavu ikapotea.

Kwa mdudu wangu zimebaki spishi mbili ambazo sijaweza kuziondoa kwenye jedwali bila kuona vielelezo vyake vya kwanza, na njia iliyobaki ni kuwaandikia wasimamizi wa makusanyo. Wengi wao hujibu na hutuma picha bila malipo, mradi ombi liwe fupi na mahususi, lenye jina kamili la spishi, mwandishi, mwaka na ukurasa kama Titan inavyoonyesha. Ziombwe picha za mdudu kwa juu, kwa ubavu, na za uso kwa mbele. Picha ya karibu ya pingili ya kwanza ya kipapasio inayoonyesha kovu. Picha ya kucha. Na kipimo cha milimita ndani ya kila picha. Ziombwe pia lebo zote zilizo kwenye pini, kila moja peke yake na pande zote mbili, kwa kuwa mara nyingi mahali alipopatikana mdudu pameandikwa kwa kalamu mgongoni mwa lebo iliyochapwa. Msimamizi akishamrudisha mdudu kabatini, ombi la pili la lebo iliyosahaulika hungoja foleni upya.